Tuanze na Wanafunzi Tulio Nao

Wanachuo wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, baadhi yao hulalamika kwamba darasa walilopewa halikulingana na andalio la somo. Sisi tunaona malalamiko hayo yamepinduliwa. Andalio ndilo lipaswalo kulingana na darasa. Mfano wetu leo hautoki darasani, bali uwanjani.

Tarehe 14 Novemba 1970, ndege iliyokuwa ikiirudisha nyumbani timu ya Chuo Kikuu cha Marshall, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, ilianguka. Watu wote 75 waliokuwamo walifariki, wakiwamo wachezaji 37. Timu hiyo ilikuwa ya kandanda ya Kimarekani, mchezo ambao mpira wake una ncha mbili na aghalabu hubebwa au kurushwa kwa mikono.

Mwaka 1971 kocha mpya, Jack Lengyel, alikabidhiwa kazi ya kuanza upya. Alikuwa na wachezaji wachache ambao hawakusafiri siku ile, vijana wa mwaka wa kwanza waliopewa ruhusa maalumu ya kucheza, na wanafunzi waliotoka katika michezo mingine kama mpira wa kikapu. Mtindo aliokusudia kuutumia ulihitaji watu wa miraba minne wa kuwasukuma wapinzani. Hakuwa nao, akauacha. Alikwenda kwa jirani yake, Bobby Bowden, kocha wa Chuo Kikuu cha West Virginia, akaruhusiwa kujifunza mtindo mwingine, utegemeao zaidi uamuzi wa haraka wa mwenye mpira: aubebe mwenyewe au ampe mwenzake.

Katika mchezo wa kwanza walishindwa na Morehead State kwa pointi 29 kwa 6. Juma lililofuata, tarehe 25 Septemba, waliishinda Xavier 15 kwa 13, kwa pointi zilizopatikana dakika ya mwisho kabisa. Baadaye waliishinda Bowling Green 12 kwa 10. Michezo mingine yote walishindwa. Msimu ukaisha wameshinda mara 2 na kushindwa mara 8.

Asomaye jedwali peke yake ataandika: asilimia 20, kazi hafifu. Ajuaye timu ile ilianzia wapi hataandika hivyo.

Wako watakaosema kwamba tunatetea kushusha kiwango. La, hasha. Lengyel hakuomba mstari wa goli usogezwe karibu, na pointi za vijana wake zilihesabiwa kama za wapinzani wao. Alichobadili ni njia ya kuufikia mstari ule.

Sasa turudi shuleni. Mwalimu apewa darasa la tatu, naye agundua kwamba watoto kadhaa hawajaweza kuunganisha silabi. Muhtasari wataka wasome habari na kujibu maswali. Akishikilia andalio lake, watoto wale watapata sifuri juma hadi juma, mpaka waamini kwamba shule si mahali pao. Na mtoto aliyekwisha kuamini hivyo ni shida kumrudisha. Lakini mwalimu aweza kuwapima kwanza, akatengeneza kadi za silabi, akamwendea mwalimu wa darasa la kwanza bila haya kumwuliza afanyavyo. Kuuliza si ujinga. Lengo la muhtasari libaki pale pale. Njia ndiyo ianzie walipo watoto.

Kwa hiyo, ndugu wanachuo, twapendekeza kwamba kila mmoja wenu aingiapo darasa jipya aandike katika daftari lake, siku ya kwanza, kila mtoto anaweza nini. Mwishoni mwa muhula alama zote zisomwe kando ya maandishi hayo. Mtoto aliyeanza bila silabi na sasa asoma sentensi mbili huenda akawa bado wa mwisho darasani. Hata hivyo amefundishwa, na mwalimu wake amefanya kazi.