Mwendo wa Kasi Utafutiwe Uwanja Wake

Mnamo tarehe 13 Desemba 2024, mjini Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza mbele ya wakuu wa mchezo wa magari duniani kwamba Rwanda imeomba kuandaa mashindano ya Formula One. Afrika Kusini nayo, ambayo uwanja wake wa Kyalami ulikuwa wa mwisho barani mwetu kuyapokea mashindano hayo mwaka 1993, imekuwa ikitaka yarudi kwake. Sisi hatuingilii mipango ya jirani. Kila nchi inaijua hesabu ya mfuko wake. Lakini habari hizi zatuleta kwenye swali lililo karibu zaidi na mlango wetu. Mwananchi mwenye gari lake mwenyewe, ambaye hatapanda gari la Formula One hata siku moja, lakini moyo wake wapenda mwendo wa kasi, amepangiwa mahali gani pa kuutimiza?

Hakupangiwa mahali. Mashindano ya magari tuliyo nayo hapa nchini ni ya rali, yapitayo katika njia za vumbi zilizofungwa kwa siku hizo tu, na washiriki wake ni wachache wenye magari yaliyotengenezwa mahsusi kwa kazi ile. Yule mwingine, kijana wa gereji au karani aliyejinyima miaka akanunua Subaru iliyokwisha kutumika Japani, hana pa kwenda isipokuwa barabara ya watu wote.

Na barabara ya watu wote, kwa sisi wa mkoa wa Arusha, ni ile itokayo Sakina hadi Tengeru. Kilomita zake ni 14 na kitu, njia mbili za kwenda na mbili za kurudi. Ni sehemu ya mradi mkubwa wa kuiunganisha Arusha na Voi kupitia Holili na Taveta, uliowekewa jiwe la msingi Machi 2016 mbele ya wakuu wa nchi za Afrika Mashariki. Tuliifurahia, na tungali tunaifurahia. Lakini barabara pana humshawishi mwenye gari lenye nguvu kama vile maji matulivu yamshawishivyo mtoto asiyejua kuogelea. Haioneshi hatari yake.

Tengeru si pori. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko, na akina mama hushuka kutoka miteremko ya Meru na ndizi, maparachichi na mboga, wengine wamejitwisha, wengine wamepakia bodaboda. Wanafunzi wa Taasisi ya Nelson Mandela, wa chuo cha maendeleo ya jamii na wa chuo cha mifugo huvuka hapo asubuhi na jioni. Sheria imeweka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na wako watu waionao sheria hiyo kuwa ni mtego wa askari tu. Basi na wafanye hesabu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde; liendalo kilomita 100 hupita karibu 28. Dereva mwenye akili zake timamu hutumia kama sekunde moja kuona, kufahamu na kuupeleka mguu kwenye breki. Kwa hiyo mita 28 zimekwisha kabla breki haijaguswa. Halafu gari lenyewe, kwa kuwa mwendo umekuwa mara mbili, halihitaji mara mbili ya umbali wa kusimama bali mara nne. Mama mwenye tenga kichwani hana mita hizo za kumkopesha mtu.

Wenzetu wa Ulaya walikutana na jambo hili zamani. Uwanja wa Silverstone katika Uingereza ulikuwa uwanja wa ndege wa wakati wa vita. Mwaka 1948 walianza kushindana magari humo, na viwanja vingine vya vita vikafuata njia hiyo hiyo. Katika Ujerumani kuna Nürburgring, iliyofunguliwa mwaka 1927, ambayo mzunguko wake wa zamani una kilomita 20.8, siku ambazo haikukodishwa, mtu yeyote mwenye gari lenye namba na leseni ya udereva hulipa ada getini akaingia. Na katika viwanja vingi vya nchi zile imekuwa desturi kutenga siku maalumu kwa wenye magari yao wenyewe. Mtu huja na gari lile lile alilopeleka watoto shule jana yake.

Yafaa tueleze jinsi siku hizo zinavyoendeshwa, maana wengi hudhani ni fujo. Asubuhi kila gari hukaguliwa: matairi, breki, nati za magurudumu, betri kama imefungwa imara, mafuta kama hayavuji. Dereva asiye na helmeti haingii. Kisha wote hukalishwa wakasomewa kanuni, na asiyehudhuria mafunzo hayo haingii vilevile. Hugawanywa kwa makundi, wageni peke yao, wazoefu peke yao. Hapana kushindana wala kupima saa, na hapana zawadi. Kumpita mwenzako kunaruhusiwa katika sehemu zilizonyooka tu, tena baada ya yeye kukupa ishara. Bendera ya njano yaonya, nyekundu yasimamisha wote. Gari la wagonjwa limesimama muda wote na watu wake. Likiondoka kumpeleka mtu hospitali, shughuli husimama mpaka lirudi au lije jingine.

Mtu hujifunza humo mambo ambayo barabara haimfundishi ila kwa msiba. Baada ya mizunguko michache ya kasi, pedi za breki hupata moto mpaka nguvu zake hupungua. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka bila kubadilishwa huwa yamekwisha kunyonya unyevu, na yakichemka, kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Dereva aliyeyaona hayo mahali ambapo mbele yake pana mchanga na uzio atarudi nyumbani na heshima mpya kwa gari lake. Aliyeyaona mteremkoni kwenye barabara kuu huenda asirudi.

Viwanja navyo si salama kwa jina tu. Mwaka 1955 katika Le Mans, Ufaransa, gari moja lilirukia watazamaji na zaidi ya watu 80 wakafa. Uswisi ikapiga marufuku mbio za viwanjani, na marufuku hiyo ikadumu kwa miongo mingi. Waliokufa walikuwa wamesimama karibu mno na njia, nyuma ya kizuizi kisichotosha. Anayetaka kuanzisha jambo hili hapa na aanze na uzio kabla ya jukwaa.

Sasa twende kwenye historia yetu, kwa sababu hapo ndipo lilipo fundo lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walowezi wa Kenya walikuwa na uwanja wao wa mbio uitwao Langa Langa, katika Bonde la Ufa. Yasimuliwa kwamba Neil Vincent alimwambia nduguye Eric Cecil, aliyekuwa kiongozi wa mchezo huo, kuwa hakuna jambo la kuchosha kama kuzunguka mahali pamoja. Afadhali waingie magarini, wavuke nusu ya Afrika na kurudi. Ndipo mwaka 1953 yakaandaliwa mashindano kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, yakaitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth II. Magari yalikuwa ya kawaida, kama yalivyotoka dukani, na yaligawanywa kwa bei zake. Yalikuwa, kwa hakika, magari ya watu binafsi waliokwenda kujipima.

Lakini tuuangalie mwaka huo kutoka upande wa Meru. Mnamo Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza watu wapatao 3,000 katika Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili ardhi yao ipewe walowezi wachache kwa mashamba 13. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea wenzake. Hakupata alilolitaka, lakini dunia ilisikia. Haukupita mwaka mmoja, magari ya sherehe ya malkia yakawa yanakimbia katika nchi hiyo hiyo ya Tanganyika. Walioyaendesha hawakuuliza njia ni ya nani. Mwaka uliofuata, 1954, TANU ikazaliwa.

Kwa hiyo mzee wa Kimeru asikiapo kwamba kuna mtu atafuta ekari za kuzungushia magari, msimwite mshamba akikunja uso. Anayo sababu.

Hata hivyo haingekuwa haki kuuacha mchezo huu mikononi mwa walowezi kana kwamba ni mali yao milele. Mwaka 1965 Safari ilishindwa na Joginder Singh na nduguye Jaswant. Joginder alikuwa fundi, mtu wa spana, na Volvo waliyoiendesha ilikuwa gari lililokwisha kutumika, lililoshiriki Safari ya mwaka uliotangulia. Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, ushindi ulikuja Tanzania: Bert Shankland, mkaaji wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell katika Peugeot 404. Mwaka huo wa 1967 ndio wa Azimio la Arusha. Na njia zenyewe zilikuwa kali. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Watu wa Mbulu na Babati waliyajua magari yale kwa mlio kabla hawajayaona. Baadaye viwanda vya ng'ambo vilikuja na fedha zao na madereva wao. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland akawa mgeni wa kwanza kushinda, na kidogo kidogo mwenye gari lake mwenyewe akabaki mtazamaji.

Wako ndugu zetu katika Chama na katika vyama vya wafanyakazi watakaosema: mchezo wa wenye nacho, sisi una kazi gani kwetu? Hoja hiyo twaiheshimu, nasi hatungekubali hata senti moja ya kodi ya mkulima iende kujenga uwanja wa namna hii wakati zahanati zina upungufu. Seti moja ya matairi hugharimu mshahara wa mwezi na zaidi wa wafanyakazi wengi, na siku moja ya kasi huyala matairi kuliko miezi ya safari za kawaida. Anayetaka, na alipe mwenyewe. Lakini hoja yasahau jambo moja. Mwenye nacho akikosa uwanja hakai nyumbani. Hutoka akaenda kuchezea barabara, na pale gharama hailipi yeye peke yake. Hulipa mwendesha bodaboda.

Tunasema, basi, jambo hili liruhusiwe, na lipewe masharti yenye meno. Lisichukue shamba. Miteremko ya Meru imejaa watu, mgomba unagusa mgomba, na kahawa imekwisha kugawanywa kwa watoto mpaka kila mmoja ana vistari vichache. Huko hapana uwanja wa magari, na asiseme mtu kwamba atalipa fidia nzuri. Kama liko eneo la tambarare lisilolimwa wala kulishwa mifugo, au kiwanja cha kazi nyingine kinachokaa wazi mwisho wa juma, hapo pazungumzike, kwa kukodi na si kwa kumiliki. Na ikiwa ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekwisha kusema nani wa kuulizwa: mkutano mkuu wa kijiji wenyewe, si mwenyekiti peke yake katika meza ya chai.

Waandaaji waeleze kwa maandishi nani anamlipa daktari na gari la wagonjwa. Bima ni jambo la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu bima ya kawaida ya gari kwa desturi haigusi mambo ya uwanjani, na mtu aweza kurudi na mabati matupu akidhani kampuni itamnunulia jingine. Ukaguzi wa magari ufanywe na mafundi wa hapa, walipwe ujira unaostahili kazi yenye dhamana ya roho za watu. Wako wengi Arusha waliosoma VETA na wengine walioijua kazi chini ya mwembe.

Tena kuna siku za Jumatatu hadi Ijumaa. Uwanja ule ule, ukiwa na lami ya kutosha na nafasi ya kukosea, wafaa kumfundisha dereva wa basi, wa lori la mizigo na wa daladala kufunga breki kwa ghafla juu ya lami iliyomwagiwa maji, jambo ambalo wengi wao huliona kwa mara ya kwanza wakiwa na abiria nyuma. Sharti la kibali liwe kwamba siku kadhaa za kila juma zitolewe kwa mafunzo hayo kwa bei nafuu, na vyama vya madereva vikae katika kamati ya kupanga zamu. Wenye Subaru walipie mwisho wa juma, na fedha hiyo ipunguze ada ya dereva wa Hiace katikati ya juma.

Mpaka uwanja wa namna hiyo upatikane, kiwango cha kilomita 50 kwa saa kati ya Sakina na Tengeru, panapo makazi, chamhusu mwenye gari la nguvu nyingi kama kimhusuvyo dereva wa daladala, na askari wa usalama barabarani hana sababu ya kuuliza kwanza ni mtoto wa nani.