Miaka 14 si umri wa ajira uwanjani

Aprili 2004, Freddy Adu, mzaliwa wa Ghana, aliingia uwanjani akitokea benchi, na jezi ya D.C. United, klabu ya soka ya Marekani, mwilini. Alikuwa na miaka 14. Alisimama kati ya wanaume waliomzidi kimo na nguvu, huku magazeti yakimfananisha na Pelé.

Hakuwa Pelé. Alihangaika Ureno, Ufaransa, Ugiriki, Uturuki na kwingineko, mzigo wa sifa ukiwa bado mgongoni.

Katika mpira wa kikapu, ligi ya Marekani ya NBA ilikubaliana na wachezaji mwaka 2005 kuweka umri wa chini wa miaka 19. Wanaopinga kanuni hiyo humtaja LeBron James, aliyeingia NBA akiwa na miaka 18 na kung'ara. Ni kweli, lakini kanuni hutungwa kumlinda mtoto wa kawaida, siyo kipaji cha nadra. Ligi za soka ziweke umri wa chini wa miaka 18, na hadi hapo klabu ziwalipie vijana ada ya shule.