Swan na Murphy, kila kimoja na kazi yake

Nina jambo moja kwa walimu wenzangu wa Kiingereza. English Grammar in Use cha Raymond Murphy, kilichotoka 1985, ni kitabu cha mwanafunzi: maelezo ukurasa wa kushoto, mazoezi wa kulia. Lakini darasa likiuliza kwa nini Mwingereza husema “I've already eaten” na Mmarekani mara nyingi “I already ate”, fungua Practical English Usage cha Michael Swan. Toleo la nne, la 2016, limepanga sarufi kwa mada, hivyo kutafuta ni rahisi. Wakuu wa shule, wekeni walau nakala moja katika ofisi ya walimu. Mwalimu asiachwe abahatishe mbele ya wanafunzi.