Kinachotoka Shambani Kirudi Shambani

Mwezi huu tunazungumza juu ya shamba la nyumbani. Wengi wetu tukitaka shamba litoe zaidi, jambo la kwanza tunalolifikiria ni fedha: mbolea ya dukani, dawa ya dukani, mbegu ya dukani. Vitu hivyo vina kazi yake. Lakini kabla hatujafungua pochi ni vema tujiulize swali moja: yale tunayoyatoa shambani kila siku, tunayapeleka wapi?

Tuchukue mfano wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu, Moshi Vijijini, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima.

Mgeni akiingia kihambani anaweza kudhani ameingia msituni. Juu kabisa ipo miti mirefu kama mifuruanje. Chini yake ipo migomba, chini ya migomba ipo kahawa, na chini kabisa yapo magimbi, maharagwe na mboga. Mvua kubwa ikinyesha huyapiga majani kwanza, ndipo iifikie ardhi polepole. Hivyo udongo haubebwi na maji ingawa mahali penyewe ni mteremko. Majani ya mfuruanje yakianguka huoza na kuurutubisha udongo. Wazee nao walichimba mifereji ya kuleta maji kutoka mlimani.

Lakini kiini cha kihamba ni zizi. Ng'ombe hukaa humo, naye huletewa majani, vigogo vya migomba na maganda ya ndizi. Yeye huwapa watoto maziwa na migomba samadi. Mgomba nao hutoa mkungu, na katika mkungu huo mama aliyejifungua hupikiwa mtori. Maganda yanarudi kwa ng'ombe. Katika mzunguko huu hakuna kitu kinachoitwa takataka.

Mzunguko huu ukikatika mahali pamoja, nyumba nzima itaona. Ng'ombe akiuzwa ili kulipa ada ya shule, samadi nayo imekwenda. Mwaka wa kwanza huwezi kugundua lolote. Baada ya miaka michache mikungu inakuwa midogo, na mama mwenye migomba yake anaanza kununua ndizi sokoni. Kahawa nayo iliyumba. Mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei yalivunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na wakulima wengi wakaacha kuihudumia mibuni yao, wengine waliing'oa. Tena vihamba hugawanywa kwa watoto kila kizazi, na kila mgawanyo unaacha vipande vidogo zaidi. Kipande kidogo hakiwezi kumlisha ng'ombe peke yake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo wanaosifu kilimo cha asili hulisahau. Majani ya ng'ombe hayaji yenyewe. Mara nyingi ni mama anayeteremka hadi mashamba ya chini kuyakata, kisha anaupanda mlima na mzigo kichwani. Bado jikoni kunamsubiri. Mama akichoka au akiugua, zizi linalala njaa na mzunguko wote unasimama. Kwa hiyo tunasema wazi: ikiwa maziwa ni ya nyumba nzima, basi majani nayo yawe kazi ya nyumba nzima. Baba na wavulana wana vichwa na mabega kama mama. Vilevile, pandeni mabingobingo au majani ya guatemala kwenye kingo za matuta na mipakani. Yatashikilia udongo na kupunguza safari za mbali.

Wewe usiye na ng'ombe wala kihamba, hujaachwa nje. Hata penye ua mdogo unaweza kutengeneza mboji. Chagua mahali penye kivuli. Tandika vijiti chini ili hewa ipite. Weka tabaka la majani makavu, juu yake tabaka la majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi kidogo ukiipata, hata ya kuku, na udongo kidogo. Nyunyizia maji na urudie hivyo mpaka lifike urefu wa kiuno. Funika kwa majani ya migomba, kisha chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache ichomoe na uishike. Ikiwa ina joto na unyevu, kazi inaendelea vizuri. Ikiwa ni kavu, ongeza maji. Ikiwa imelowa na inanuka vibaya, geuza lundo na uongeze majani makavu. Geuza tena kila baada ya wiki mbili au tatu. Kwa kawaida baada ya miezi mitatu hivi utapata udongo mweusi unaonukia vizuri, tayari kwa mchicha, sukumawiki au gunia la mboga mlangoni. Usitie humo plastiki, betri wala vioo. Samadi mbichi nayo usiiweke kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa. Iache ioze kwanza.

Wiki hii anza na ndoo moja tu jikoni, ya maganda na mabaki ya mboga, na umpe mtoto mmoja kazi ya kuimwaga kwenye lundo kila jioni. Wiki ijayo kazi hiyo apewe kaka yake. Tutakutana tena mwezi ujao, Mungu akipenda.