Sumu ya shambani: Bakteria wanaweza kuila, lakini si wakiletewa tani 170

Msimu wa kupulizia dawa mahindi unapofika Matai, wilayani Kalambo, watu wanauliza bei ya dawa, wanauliza inaua nini, wanauliza inachanganywaje. Swali moja husikika kwa nadra: ukimaliza, pampu unaiosha wapi?

Mara nyingi pampu huoshwa pale maji yalipo. Mtoni, kisimani au bombani. Hapo ndipo uchafuzi unapoanzia, kwa sababu dawa iliyosambaa shamba zima ni kidogo kwa kila hatua, lakini mabaki ya pampu na makopo yanamwagwa sehemu ile ile, msimu baada ya msimu.

Na dawa zinatumika. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, Rukwa ikiwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuripoti, mkulima wa mahindi hana ujanja: asipopulizia, anaweza kukosa mavuno.

Maji yanakwenda wapi?

Upande wa magharibi wa Ufipa, mito kama Kalambo inapeleka maji Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki maji yanashuka Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutokea. Sumu isiyooza ikifika Rukwa, hakuna mto wa kuitoa.

Ndiyo maana wanasayansi wanazungumzia njia ya kuisafisha mapema, kwa kutumia viumbe wadogo wasioonekana kwa macho: bakteria na fangasi. Viumbe hawa huvunjavunja kemikali ili wapate chakula, na dawa nyingi za kisasa za shambani wanazimudu. Kwa mfano, mwaka 1995 watafiti nchini Marekani walitangaza bakteria aliyepatikana kwenye udongo uliomwagikiwa atrazini, dawa ya magugu inayotumika sana kwenye mahindi. Bakteria huyo anaitumia atrazini kupata naitrojeni, kama mmea unavyotumia mbolea.

Lakini wana mipaka. Na mfano wa mipaka hiyo uko hapa hapa Tanzania.

Somo la Vikuge

Mwaka 1986 Tanzania ilipokea msaada wa takriban tani 170 za viuatilifu kutoka Ugiriki, vingine vikiwa tayari vimekwisha muda. Vikahifadhiwa kwenye banda la shamba la Vikuge, Kibaha mkoani Pwani. Banda likaanguka, mvua ikanyesha juu yake.

Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta udongo wa juu wenye mabaki ya DDT hadi asilimia 28. Yaani kilo moja ya udongo inaweza kuwa na karibu gramu 280 za sumu. Ilikutwa hadi sentimita 50 kwenda chini, na maji ya kisima na ya juu ya ardhi nayo yalikuwa na viuatilifu. Hitimisho la watafiti: udongo wenyewe umekuwa taka hatarishi.

Kwa nini bakteria hawakumaliza kazi? Kwanza, DDT ni ngumu. Wakiigusa, mara nyingi inageuka kuwa DDE, ambayo nayo inadumu kwa miaka mingi. Pili, sumu ikizidi inaua hata wale ambao wangeila.

Kwa kifupi, bakteria wanafaa kwa sumu kidogo, inayooza, inayowahiwa mapema. Ukisubiri hadi ifikie hali ya Vikuge, umechelewa.

Shimo la majani na udongo

Kuwahi mapema ndiko walikofanya Sweden. Tangu mwaka 1993 wakulima wa huko wamekuwa wakitumia shimo maalumu la kuoshea pampu. Kina chake ni kama sentimita 60. Chini kuna tabaka la mfinyanzi ili maji yasipenye, juu yake mchanganyiko wa nusu mabua makavu, robo udongo na robo mboji ya kinamasi, kisha nyasi zinaoteshwa juu. Nchi nyingine zimeweka samadi au mboji ya kawaida badala ya ile ya kinamasi.

Siri iko kwenye mabua. Fangasi wanaoozesha mabua hutoa vimeng'enya vinavyokata vitu vigumu, na vimeng'enya hivyo hivyo hukata kemikali za dawa. Udongo unaleta bakteria. Mboji inashika unyevu na kuzuia dawa isitoroke.

Kwa Mfipa, hapa hakuna kigeni. Kilimo cha ntumba kimefanya kazi kwa kanuni hiyo kwa vizazi: nyasi zinafukiwa ndani ya matuta ya mviringo, zinaoza, kisha matuta yanasambazwa na ulezi unapandwa kwenye udongo ulioshiba. Wanaorutubisha udongo huo ni bakteria na fangasi. Tofauti ni kwamba kwenye shimo la pampu wanapewa kazi ya kula sumu.

Wapi njia hii itakwama

Kwanza ni mvua. Dawa hupulizwa masika, na Ufipa hunyesha kwelikweli. Shimo likijaa maji, hewa inaisha, fangasi wanazimia na sumu inafurika nje. Bila paa au kifuniko, ni kujidanganya.

Pili, si kila dawa inaoza. Dawa za fangasi zenye shaba zinaacha shaba palepale, kwa sababu hiyo ni metali na hakuna bakteria wa kuivunja. Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu ni mbaya zaidi: ikiingia majini, baadhi ya bakteria huigeuza kuwa aina inayopanda kwenye samaki na kufika mezani.

Tatu, mchanganyiko uliochoka haurudishwi shambani siku hiyo hiyo. Hutolewa na kuachwa uendelee kuoza kwa miezi kadhaa hadi mwaka.

Nani aanze?

Mkulima mmoja wa ekari mbili hawezi kubebeshwa mzigo huu peke yake. Shimo moja lililoezekwa, mbali na kisima, linaweza kuhudumia kikundi au chama cha ushirika kizima. Mabua, udongo, samadi na mfinyanzi vipo. Kinachokosekana ni afisa ugani wa kusimamia, na mtu wa kupima kama sumu kweli inapungua.

Upimaji ndiyo ishu kubwa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ina makao yake Arusha, mbali na Matai. Bodi za maji za mabonde ya Tanganyika na Rukwa ziko Kigoma na Mbeya. Bila sampuli kuchukuliwa Kalambo kwenyewe, hakuna atakayejua kama shimo linasafisha au limehamisha tu tatizo.

Wakati hilo likisubiriwa, kuna hatua isiyohitaji maabara: suuza kopo mara tatu ukiwa shambani, mimina maji hayo ndani ya pampu na uyapulizie kwenye mimea ile ile. Kitakachobaki kwa ajili ya bakteria kitakuwa kidogo, na kidogo ndicho wanachokiweza.