Umbali si Mwendo

Hojaji nyingi tunazokwenda nazo uwandani zina swali hili: "Kutoka hapa hadi mjini ni kilomita ngapi?" Msailiwa akijibu "siku mbili", mtafiti huandika "hajui". Kwa maoni yangu, asiyejua hapo ni mtafiti.

Chukua mfano wa Goma na Walikale, Kivu Kaskazini. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 130. Katika miaka ya 2000 ndege ndogo zilikuwa zikitua Kilambo, karibu na Walikale, juu ya kipande cha barabara ya lami, zikapakia madini ya bati na kufika Goma kwa muda usiotimia saa moja. Madini yenyewe yalitoka Bisie, ndani ya msitu wa Walikale hiyohiyo, migongoni mwa wachukuzi, kwa magunia ya kilo 50 na mwendo wa siku mbili. Kwenye ramani, Kilambo iko karibu zaidi na Bisie. Gunia likishapakiwa kwenye ndege, Goma ndiyo iliyokuwa karibu. Anayepita nchi kavu kwa Sake, Masisi na Nyabiondo ana hesabu nyingine tena, na mvua ikinyesha lori likakwama, hesabu hiyo inavunjika.

Kiswahili kimetupa maneno mawili. "Umbali" unatokana na -mbali, nao hutaja nafasi iliyopo kati ya mahali na mahali, hata kama hakuna apitaye. "Mwendo" unatokana na kwenda, kwa hiyo ndani yake yumo mwendaji. Mtu wa Masisi akisema "siku mbili kwa miguu", ametaja muda na namna ya kusafiri kwa maneno manne. Hilo ni jibu kamili.

Sisi wa isimu tuna sababu ya ziada ya kulisikiliza. Maneno husambaa kwa kufuata mwendo wa watu. Goma wengi huita eropleni "ndeke", neno la Kilingala linalomaanisha ndege mwenye mabawa, ingawa kutoka hapo hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500. Ramani ya lahaja inayopima kilomita tu haiwezi kueleza jambo hilo.

Nitaambiwa kwamba kilomita hurahisisha ulinganisho. Ni kweli, na zibaki. Lakini Januari 2025, M23 walipouteka mji wa Goma, uwanja wake wa ndege ulifungwa. Umbali wa kwenda Kinshasa haukuongezeka hata kwa mita moja, ila safari ya saa chache ikawa ya kuzunguka nchi jirani. Hojaji yetu isingeliona badiliko hilo.

Napendekeza tuongeze safu tatu: muda, chombo na msimu. Na pale tulipozoea kuandika "hajui", tuandike alichosema.