Mrina Asali Si Mwizi wa Msitu

Kila kiangazi, moshi ukionekana juu ya miyombo ya Tabora, wa kwanza kutajwa ni mrina asali. Kaacha moto chini ya mzinga, kaunguza msitu! Moshi wa mabani, yanayokausha tumbaku ya mvuke usiku na mchana kwa magogo ya msitu huohuo, hauna mshtakiwa. Huo tunauita uchumi.

Tuambizane ukweli, sisi wa Ipuli na kata nyingine za mjini. Tunapikia mkaa ulioingia alfajiri kwa baiskeli, kisha tunakwenda semina ya mabadiliko ya tabianchi kumfundisha Mnyamwezi wa Sikonge kupenda miti. Tumfundishe nini? Mtu anayekula kwa maua ya mtundu na muba hahitaji bango. Mvua ikichelewa, yeye ndiye anayekuta mizinga mitupu, kabla mtaalamu hajawasha kompyuta yake. Ndiye anayechoma mapema nyasi kuzunguka miti ya mizinga, zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa Septemba ukose cha kula. Nta ya Unyamwezi ilivuka bahari tangu enzi za Wajerumani, na msitu ukabaki.

Nitajibiwa kwamba mzinga wa gome unaua mti. Unaua kweli, na anayeutetea hadi leo anakosea. Lakini dawa yake inajulikana, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo hapahapa Tabora. Bani, kinyume chake, linataka kuni kila msimu. Mkulima wa tumbaku simlaumu. Amekopeshwa mbolea na kuwekewa soko kupitia chama chake cha msingi. Mrina asali aliwekewa mkopo na soko la namna hiyo lini?

Kutomwamini kulianza zamani. Miaka ya 1920 na 1930 Waingereza, kwa hoja ya malale, waliwaondoa wenyeji wa magharibi mwa nchi katika makazi yao na kuwakusanya pamoja. Pori likafunga nyuma yao. Baadaye serikali ikatazama ramani, ikaona pori lisilo na mtu, ikachora mipaka ya hifadhi. Uhuru ulibadilisha sare za walinzi, fikra zikabaki zilezile. Mwaka 2019 sehemu ya Pori la Akiba la Ugalla ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Katika pori la akiba mrina aliingia kwa kibali, kwa msimu wake. Hifadhi ya taifa inamkaribisha mtalii. Mzinga hauna nafasi. Sasa jangili akipita huko ndani, nani atamwona?

Wala tusiseme hatuna mfano. Kwa majirani zetu wa Shinyanga, mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa muda ili yaote upya, zilikuwa zimebaki kama hekta 600. Wataalamu walipokubali kufuata desturi ya wafugaji wenyewe, zikapita hekta 300,000. Na pale Arusha, mwaka 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba uhifadhi haukuwa sababu halali ya kuwafukuza Waogiek, warina asali wenzetu, katika msitu wa Mau. Kenya iliwabomolea tena mwaka 2023. Nasi tulio wenyeji wa mahakama hiyo hatukujifunza kitu.

Sasa imekuja biashara ya kaboni. Kanuni zake zilitoka mwaka 2022, na huko Katavi vijiji vya Wilaya ya Tanganyika vinavuna mabilioni ya shilingi kwa kulinda msitu wa Ntakata. Vinalipwa kwa sababu ardhi ile ni ya vijiji. Hapa kwetu eneo kubwa la miyombo limo ndani ya hifadhi za serikali, kwa hiyo fedha zikija zitapita juu ya kichwa cha mrina kama meno ya tembo yalivyopita mabegani mwa mpagazi, kuelekea Bagamoyo.

Mrina arudishiwe msimu wake Ugalla, kwa kibali na kwa masharti. Vijiji vinavyopakana na hifadhi vipewe misitu yao kwa maandishi. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu. Na mkataba wowote wa kaboni usomwe kwanza mbele ya warina asali, kwa Kiswahili, wakiwa na haki ya kukataa. Wakikataa, mkutano ufungwe na wawekezaji wapande gari.